Jino Likimeguka: Jinsi ya Kujua Kama ni la Kwenda kwa Daktari Leo

Jino hukatika kwa sababu ambazo mara nyingi mtu huona haya kuzisimulia: kijiwe kilichobaki kwenye mchele, kizibo cha soda kilichofunguliwa kwa meno, muwa uliomenywa kwa pupa, au kuanguka kutoka kwenye bodaboda. Kosa linalofuata huwa ni kupima uzito wa jeraha kwa ukali wa maumivu. Jino lililopoteza kipande kidogo cha pembeni laweza kumsumbua mtu wiki nzima kwa sababu tu ncha yake inakwaruza ulimi, ilhali jino ambalo kiini chake, yaani sehemu ya ndani yenye neva, kimeumia laweza kuuma siku mbili, likanyamaza, na ukimya huo ukawa ndio dalili kwamba limekufa. Anza basi kwa kutazama, na maumivu yawe shahidi wa pili.

Kabla ya kulitazama jino lenyewe, hakikisha kwamba lililoumia ni jino peke yake. Mtu aliyeanguka au kugongwa, kisha akapoteza fahamu hata kwa dakika moja, akatapika, akalemewa na usingizi usio wa kawaida au akasahau kilichotokea, apelekwe mara moja hospitali inayopokea wagonjwa wa dharura, na habari ya jino itasubiri. Vivyo hivyo kwa yule ambaye meno ya juu na ya chini hayakutani tena kama yalivyozoea kukutana, au ambaye mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi, kwa kuwa taya lake huenda limevunjika. Damu inayoendelea kutoka baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia nayo ni ya hospitali. Kitafuteni pia kipande kilichokatika. Kama hakionekani na mdomo umechanika, yawezekana kimejificha ndani ya nyama ya mdomo. Na kama aliyeumia amekuwa akikohoa au kupumua kwa mluzi tangu ajali, huenda kimeingia njia ya hewa, na jambo hilo halingoji asubuhi.

Hayo yakishaondolewa shaka, suuza kinywa kwa maji ya uvuguvugu, washa tochi ya simu, na utazame kwenye kioo mahali palipokatika. Nje ya jino kuna enameli, ambayo ni nyeupe, ngumu na haina neva. Chini yake kuna dentini, yenye rangi ya manjano na vijitundu vidogo mno vinavyoelekea ndani. Katikati kabisa ndimo kilimo kiini, chenye neva na mishipa ya damu. Ukiona weupe mtupu, na hewa ukiivuta kwa mdomo haikushtui, ni enameli pekee iliyomeguka. Weka miadi wakati wowote ndani ya wiki mbili hivi, daktari atalainisha ncha au kuijazia. Ukiona manjano, na maji baridi yanakuchoma, dentini iko wazi, na vile vijitundu ni njia ya vijidudu kuelekea kwenye kiini, kwa hiyo usipitishe siku moja au mbili. Ukiona kidoa chekundu au cha waridi katikati ya jeraha, hata kikiwa kidogo kama kichwa cha pini, kiini kimefunuka. Nenda siku hiyohiyo, au alfajiri ikiwa usiku umekwisha kuingia. Usikiguse kwa kijiti wala kwa ulimi ili kuhakikisha.

Kipimo hiki cha rangi kina udhaifu ambao wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Nakuru wanapaswa kuujua. Katika maeneo hayo ya Bonde la Ufa na kandokando ya milima yake, maji ya visima na chemchemi nyingi yana floridi, aina ya madini, kuzidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na aliyeyanywa tangu utotoni huweza kuwa na meno ya kahawia, ambayo yakiathirika sana enameli yake hubanduka kwa urahisi. Mtu wa aina hiyo asitegemee weupe na manjano. Alinganishe jino lililokatika na jirani yake, atafute wekundu, na atumie kipimo cha maji baridi.

Magego yana tabia yake. Gego lililopata ufa laweza kuonekana zima kabisa, lakini likatoa maumivu ya ghafla unapouma kitu, au hasa unapoachia. Tafunia upande wa pili na upate miadi ndani ya siku chache, kwa maana ufa huo ukishuka hadi kwenye mzizi, mara nyingi linalobaki ni kuling'oa.

Jino linalocheza, lililosogea au lililozama ndani ya fizi ni la siku hiyohiyo, hata kama lilimeguka kidogo tu. Lililong'oka zima na mzizi wake ni la dakika, si la saa: lishike kwa upande wa kutafunia, lioshe haraka kama lina mchanga bila kulisugua, ulirudishe kwenye tundu lake, na mgonjwa aling'ate kwa kitambaa akielekea hospitali. Ikishindikana, litie kwenye maziwa baridi. Jino la utotoni halirudishwi kamwe, kwa sababu laweza kuliharibu la ukubwani lililo chini yake. Kwa mtoto wa kati ya miaka 7 na 10, meno ya mbele ya ukubwani yamekwisha kuota lakini mizizi yake bado inakua, na kiini kikifa mapema mizizi hiyo hubaki mifupi na dhaifu. Kwa mtoto wa rika hilo mimi sishauri subira hata kama jeraha ni la manjano tu.

Wapo pia waliomeguka jino miezi mingi iliyopita, nao ndio hufika hospitali wakiwa katika hali mbaya zaidi. Kipele chenye usaha kwenye fizi, jino linalopigapiga usiku, au shavu lililoanza kuvimba ni mambo ya leo. Uvimbe ukishuka chini ya taya au ukipanda kuelekea jicho, ukaja na homa, ugumu wa kumeza, wa kufungua kinywa au wa kupumua, usitafute kliniki ya meno. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe kuliko zote, saa yoyote ile.

Ukiwa njiani au ukingoja zamu, kihifadhi kipande kilichokatika ndani ya maziwa au maji safi, kwa sababu daktari mara nyingine huweza kukigandisha tena. Ncha kali ifunike kwa bigijii isiyo na sukari. Parasetamoli inywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na aspirini isiwekwe kwenye fizi, kwani huziunguza. Mafuta ya karafuu, ambayo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba ndiyo kimbilio la kwanza kwa jino linalouma, siyadharau, maana hata madaktari huchanganya kiambato kikuu cha mafuta hayo na oksidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Lakini kwa jino lililokatika yaache, kwa kuwa huzuia baadhi ya dawa za kujazia meno kuwa ngumu ipasavyo. Kama jeraha liliguswa na udongo, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Baada ya matibabu, rudi ukaangaliwe baada ya wiki 6 hadi 8 na tena baada ya mwaka mmoja, hata kama jino limetulia. Likigeuka kijivu kabla ya hapo, au kipele kikatokea kwenye fizi juu yake, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.