Jinsi ya kuipitia siku nzima ya redio ya Uingereza wakati wa vita, mkiwa hapa hapa Dar

Walimu wa historia, viongozi wa klabu za shule, na wazazi mliojaziwa watoto nyumbani likizo hii, haya ni yenu. Vita ya Pili ya Dunia huwa tunaifundisha kwa ramani na majina ya majenerali, lakini kwa mtu aliyebaki nyumbani kule Uingereza, mama mwenye watoto au binti wa kiwandani, vita ilikuwa inamfikia kwa redio, saa baada ya saa, kuanzia chai ya asubuhi mpaka anapanda kitandani. Kwa hiyo ukitaka watoto waielewe usiwakalishe chini masaa mawili wakasikiliza vipande vya mtandaoni kisha basi. Ipangeni siku nzima kwa saa zake, na kila kipindi kisikilizwe watu wakiwa kwenye kazi ileile aliyokuwa nayo msikilizaji wa kule. Cha jikoni kisikilizwe jikoni, cha kiwandani mikono ikiwa kazini. Hapo ndo somo lilipo.

Mwaka chukueni 1942, siku ya kazi ya kawaida. Wakati huo vipindi vyote vikubwa vilishazoeleka, televisheni ya London ilikuwa imezimwa tangu tarehe 1 Septemba 1939, na BBC ilikuwa na idhaa mbili tu kwa watu wa nyumbani, Home Service na nyingine ya wanajeshi iliyoanza 1940 ambayo hata raia waliipenda maana ilikuwa na muziki zaidi. Saa ya kule ichukueni kama ilivyo, msianze kujumlisha masaa matatu. Saa mbili asubuhi yao iwe saa mbili asubuhi yenu.

Vifaa sio vingi: simu ya kurekodia, spika ya blututhi au sabufa, na pawabenki maana umeme wa kwetu mnaujua. Waambieni watoto kwamba kule pia nyumba nyingi hazikuwa na umeme, redio zao zilikuwa zinatumia betri za asidi ambazo zilipelekwa dukani kuchajiwa, kama sisi wengine tulivyokuwa tunapeleka betri ya gari kuchaji ili tuangalie mpira.

Skripti andikeni wenyewe, kwa Kiswahili. Vipindi vingi vya wakati ule vilienda hewani moja kwa moja na havikuhifadhiwa, halafu kuandika kwenyewe ndiko kunakomfanya mtoto afikirie. Kila skripti ipite kwa mkaguzi kabla ya kusomwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyefika kwenye maiki na maneno ambayo hayajakaguliwa, na alikuwepo mtu wa kukata matangazo mara moja kama msomaji akichepuka. Mpeni mtoto mmoja makini kazi hiyo, mkono wake uwe kwenye spika siku nzima. Kitu cha kwanza cha kufuta ni habari za hali ya hewa, utabiri ulikuwa haurushwi kabisa wakati wa vita maana ungemsaidia rubani wa Kijerumani kupanga safari yake. Wala asitajwe mji au kiwanda kwa jina, sema tu "mahali fulani Uingereza".

Siku inaanza na habari ya saa mbili asubuhi, halafu saa mbili na robo ndo kipindi cha Kitchen Front, dakika tano tu, kilianzishwa 1940 kwa kushirikiana na Wizara ya Chakula. Hapa msipite haraka. Uingereza ilikuwa inaagiza chakula kingi kwa meli na meli zilikuwa zinazamishwa na nyambizi, ikabidi watu wafundishwe kupika kwa kilichopo shambani kwao, viazi na karoti hasa, pamoja na mayai ya unga kutoka Marekani. Fanyeni hivi: nendeni dukani kwa Mangi mpimiwe kwenye mzani majani ya chai gramu 57, mwageni kwenye sahani nyeupe. Hicho ndo kilikuwa kipimo cha mtu mzima mmoja, wiki nzima, tangu Julai 1940. Mtoto aliyezoea kuona mama anatupia majani sufuriani bila kupima anakiangalia kile kirundo, anauliza, hii ni ya leo? Hapo hapo washa spika, dada mmoja asome mapishi ya viazi na karoti za Kariakoo huku wengine wanamenya kweli. Asome taratibu kama anaongea na jirani yake uani, sio kama anahutubia. Ukibaki muda mwekeni na daktari wa redio, kule alikuwa Charles Hill, alikuwa anawaambia watu mambo ya tumbo na kupata choo kwa lugha ya wazi kabisa, na walimpenda kwa sababu hiyo.

Saa nne na nusu, Music While You Work. Kilianza Juni 1940, nusu saa asubuhi na nusu saa tena saa tisa mchana, muziki mtupu wa kuwafanya watu wa viwandani wasichoke, ukapigwa kwenye vipaza sauti juu ya mashine. Muziki wenyewe ulikuwa na masharti: usiwe wa taratibu wa kusinzisha, sauti isipande na kushuka ghafla isije ikamezwa na kelele za mashine, na wimbo mmoja uliokuwa unadai watu wapige makofi ulipigwa marufuku kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanaacha kazi wanagonga vyuma. Nyie wekeni dansi la zamani la ala tupu, wapeni watoto kazi ya kurudiarudia, kufunga karanga kwenye vipakti au kuchambua maharage, halafu pimeni nusu saa yenye muziki na nusu saa isiyo na muziki. Wajadili wenyewe tofauti.

Mchana wa chakula kuna Workers' Playtime, kilichoanza Mei 1941 kikirushwa kutoka kantini za viwanda, waimbaji na wachekeshaji. Huku mna uhuru. Waacheni wenye vipaji wafanye yao.

Saa kumi na moja jioni na kitu ni Children's Hour, ya watoto wadogo. Tarehe 13 Oktoba 1940 kipindi hicho kilimleta Binti Mfalme Elizabeth akiwa na miaka 14, akaongea na watoto waliohamishwa kutoka mijini kwa ajili ya mabomu wakatenganishwa na wazazi wao. Mwambieni binti wa umri huo huo aandike barua ya dakika tatu kwa watoto kama hao na aisome yeye.

Giza likiingia, mapazia yote yashushwe na taa ya nje izimwe, huko ilikuwa sheria, mwanga usionekane kutoka angani. Saa tatu kamili usiku kengele ya Big Ben inalia, wengi walikaa kimya dakika moja kuwaombea walio vitani, na nyie kaeni. Kisha habari. Msomaji aanze kwa kutaja jina lake, utaratibu huo uliingia 1940 ili wananchi wazizoee sauti zao, adui asije akaiteka redio akawatangazia uongo. Tarehe 15 Oktoba 1940 Bruce Belfrage alikuwa anasoma habari ya saa hiyo hiyo bomu likalipuka ndani ya jengo la BBC London, watu saba wakafa, yeye akanyamaza kidogo tu akaendelea kusoma huku vumbi limemjaa. Someni kisa hicho mwisho wa habari. Kabla yake jaribuni mtego: kijana wa nyumba ya jirani aingie na sauti yake, ataje jina la msomaji wenu, atangaze uongo mmoja, mwone nani atashtuka kwanza na alishtushwa na nini.

Kama kuna babu mtaani ambaye baba yake alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), akapelekwa Burma, mwalikeni kwenye habari hii ya saa tatu na mumwachie maiki dakika kumi bila skripti, mkaguzi apumzike. Na baada ya saa nne sabufa ishushwe, majirani wanalala.

Maandalizi yaanze mapema, wiki tatu kabla hivi, maana skripti ndizo zinazochelewesha. Gaweni zote siku ya kwanza, ya habari mpeni anayesoma vizuri, ya jikoni mpeni anayependa kuongea.