Lushoto kwa miguu, bila kiingilio

Kila Juni na kila Desemba dada zangu wa Dar hunipakilia watoto kwenye basi. Mwaka jana walishuka saba. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko karibu na stendi ya Lushoto, na kipato cha sindano na gundi hakiwezi kulipia watoto saba kiingilio popote. Hata hivyo hajarudi kwao Tabata, Dar, mtoto aliyelalamika kwamba alishinda ndani. Naandika jinsi ninavyowatembeza, kwa ajili ya mjomba au shangazi mwingine mwenye wageni wadogo na mfuko mwepesi, na kwa yeyote anayedhani milima ya Usambara ni ya watalii tu.

Anza na viatu. Hapa nisikilizeni, ndiyo kazi yangu. Udongo wetu ni mwekundu, wa mfinyanzi: ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni. Kigeuze kiatu cha mtoto, pitisha kidole gumba kwenye soli. Kama huyasikii meno, kiatu hicho kibaki nyumbani, maana kitamwangusha hata njia ikiwa tambarare. Zile raba nyeupe zenye soli nene ya sponji, zilizobandikwa kwa gundi bila kushonwa, huwa naletewa siku ya pili zimefunua mdomo, kwa sababu umande wa asubuhi umekwisha kuingia kwenye gundi. Zipeleke kwa fundi wa mtaani kwako kabla ya safari, azishone mzunguko mzima kwa uzi wa nailoni. Kiatu cheusi cha shule kilichozoea mguu ni bora kuliko raba mpya ya dukani, kwa kuwa kipya kitamtoa mtoto malengelenge kabla hajafika nusu ya njia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni gambuti tu. Soksi ziwe jozi mbili, moja mguuni na moja mfukoni.

Na sweta. Watu hupita Mombo, mji wa chini ya mlima, wakitoka jasho, wakaona sweta ni mzigo. Kutoka Mombo gari linapanda kona kwa kona kilomita 33 hivi, na mji wetu uko kwenye mita 1,400 au zaidi kidogo. Juni na Julai ukungu unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi, na usiku tunajifunika blanketi mbili. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal na walikimbilia huku kupumzika na joto la huko chini. Baridi hiyo hiyo ndiyo itakayomtetemesha mwanao aliyekuja na fulana.

Jambo la tatu nalipa uzito kuliko yote. Huku njia nyingi hazina geti, lakini zina wenyewe. Kijia unachokiona kikipanda mlimani ni mpaka kati ya shamba la huyu na shamba la yule, au ni ukingo wa mfereji wa maji. Mwaka mmoja mpwa wangu wa kati aliona njia inazunguka, akakata moja kwa moja katikati ya tuta la karoti lililokuwa limeota juzi tu. Mama mwenye shamba alikuwa juu yetu na jembe lake. Hakufoka. Alisimama akatazama zile nyayo, na mimi niliona aibu ambayo sijaisahau. Tuliweka mifuko chini, tukainama wote tukarudishia udongo kwa mikono, ingawa miche iliyovunjika ilikuwa imevunjika. Tangu siku hiyo, kabla ya matembezi yoyote, watoto nawapanga mstari mmoja uani na kuwaambia: tunafuatana, tunakanyaga alipokanyaga wa mbele, hatukati kona, hatuchumi hata jani bila kuuliza.

Halafu nawafundisha kusalimia. Kwa mkubwa, shikamoo, na usisubiri akusalimie wewe. Ukiweza, ongeza Kisambaa: asubuhi “onga maundo”, mchana “onga mshi”. Mtoto wa Dar akimwambia mzee “onga mshi”, mzee husimama, huweka mzigo chini, huuliza huyu ni mtoto wa nani. Tumeshaonyeshwa njia ya mkato iliyo halali, tumeshapewa maji ya kunywa, na siku moja tulipewa mapeasi mengi hadi tukayafunga kwenye kanga. Ukipita kimya kama mwizi, usishangae kutazamwa kama mwizi.

Sasa matembezi yenyewe. Siku ya kwanza usiwachoshe. Waache walale, jioni wapeleke kwenye uwanja wa mpira. Vijana wa mjini hucheza pale, na watoto wako watakuwa wamekwisha kupata timu kabla hujakaa chini. Mapafu yaliyozoea pwani yatahema kidogo, ndiyo maana naanzia hapo.

Siku ya pili, Kwembago. Ni mlima ulio juu ya mji, na kwa mwendo wa watoto ni kama saa moja kupanda. Mji wote unauona chini: mabati, kanisa, msikiti, mikaratusi iliyojipanga barabarani. Kwembago ni mahali pa ukoo wa kitawala wa Wasambaa, kwa hiyo hapo ndipo nawapa habari za Mbegha, mwindaji ambaye masimulizi yetu yanasema alikuja na mbwa wake, akaua nguruwe pori waliokuwa wakila mazao, akawagawia watu nyama, na watu wakamfanya mfalme. Nawaambia pia habari za mfalme Kimweri, aliyetawala kutoka mji wake mkuu wa Vuga hadi alipofariki mwaka 1862. Bibi yangu alinisimulia hayo tukipanda njia hiyo hiyo, nami nimekuwa mwangalifu nisiyapunguze. Nenda asubuhi, ukungu ukishaondoka.

Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia bonde, ndiyo kila mtu anaijua. Kutoka mjini ni kilomita tano au sita, na barabara haina malipo. Bodaboda watakuita stendi. Waambie asante, uendelee. Kwa miguu unapita mashamba ya mahindi, maharage na kabichi, unasikia maji ya mfereji kabla hujayaona, na watoto wanapata muda wa kuuliza maswali. Mnafika ghafla. Ardhi inakatika mbele ya miguu, na chini, karibu mita elfu moja, kuna kijiji cha Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama mistari ya daftari, barabara kuu ya kwenda Same yenye malori madogo kama sisimizi, na nyika ya Wamasai ikienda mpaka macho yanachoka. Mpwa wangu mdogo alinishika suruali akakaa chini kimya. Nilimwacha akae.

Kwenye ncha yenyewe kuna biashara ya hoteli, kwa hiyo uliza kabla hujaingia na kundi lako kama kuna cha kulipa. Ukiambiwa kuna malipo na huna, usinung'unike wala usiruke ua. Ukingo wa mlima ni mrefu. Rudi nyuma kidogo, umwombe mwenyeji akuonyeshe mahali pengine pa kutazamia. Popote utakaposimama, mtoto mdogo ashikwe mkono, wakubwa wakae chini kabla ya kusogea mbele, na mwamba ukiwa umelowa msisogee kabisa. Ukitaka jua la jioni, ondokeni mjini saa nane mchana na mbebe tochi, maana usiku hapa huingia haraka. Mimi na watoto naenda asubuhi, saa nne hadi sita, jua likiwa mgongoni na bonde likionekana vizuri. Njiani kuna shamba la Irente linalouza jibini, jamu na mkate wa nafaka iitwayo rai. Hivyo ni vya kununua, wala simlazimishi mtu. Sisi hubeba viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi.

Kwa Magamba, penye msitu juu ya mji, nina ujanja mmoja. Msipande kwa miguu. Pandeni kwa gari linaloelekea Mlalo au Lukozi, mshuke Magamba, kisha mteremke kwa miguu hadi mjini, kama kilomita saba. Nauli hiyo ndiyo gharama pekee ya siku. Barabara inapita pembeni mwa msitu, na mkitembea bila kelele mnaweza kuwaona mbega juu ya miti, weusi na joho lao jeupe linaloning'inia. Mara mbili nimewaona wakiruka juu ya barabara, mama na kitoto chake cheupe kifuani. Kelele moja tu ikawatosha kutoweka. Ndani ya msitu ni habari nyingine: ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia unalipia. Usiingie kwa kificho. Ukipata fedha, lipa uingie na mtu anayeijua njia, maana ndani kuna miti mikubwa ambayo mashambani kwetu iliisha zamani, na maji yanayotiririka kwenye mifereji yetu yanatoka huko.

Jumapili wapeleke sokoni. Sioni bustani inayolizidi soko letu. Kina mama wanateremka kutoka vijijini na mizigo kichwani, matenga ya nyanya yanafungwa kwa majani na kamba, fuso zinapakiwa hoho na karoti za kwenda Dar. Desemba kuna plamu nyekundu kwenye ndoo. Nawapa watoto kazi: kila mmoja aniletee majina ya mboga tano ambazo hakuzijua, na ajue zimetoka kijiji gani. Lazima waulize, na wakiuliza wanasalimia. Wasishike bidhaa wasiyonunua, wala wasimpige mtu picha kabla hawajamwomba.

Usiku, kama mvua imenyesha mchana, toka na tochi uangalie vichaka vya pembeni mwa nyumba. Kinyonga akilala hubadilika rangi akawa mweupe-mweupe, na mwanga wa tochi unamfichua hapo hapo kwenye kijiti. Usambara ina vinyonga wake, mmojawapo dume lake lina pembe mbili puani, na hawa hawapatikani kila mahali duniani. Mtazameni mhesabu pumzi kumi, kisha mzime tochi. Asishikwe, asitikiswe, asitiwe kwenye kopo. Wazee wetu wengi wanamwogopa kinyonga, kwa hiyo usimpelekee bibi wa watu mkononi ukidhani unamfurahisha.

Maporomoko ya Soni yaache kwa siku ya kuja au ya kuondoka, kwa kuwa yako kando ya barabara ya Mombo na unaweza kuyatazama bila kulipa. Watoto wa pwani wakiona maji wanataka kuogelea. Kataa. Mawe yana ukoga wa kijani unaoteleza, na mvua ikinyesha juu milimani maji huongezeka hata kama uliposimama pana jua.

Maeneo ya Mambo, Mtae na Mlalo ni mbali kwa siku moja ya watoto. Kama wageni wako ni vijana wakubwa wanaotaka kutembea siku mbili tatu kijiji kwa kijiji, basi walipe mwongoza wageni wa hapa mjini. Ni haki yake, na anajua wapi daraja limeondoka na mvua.

Mkirudi nyumbani, matope yasikaukie kwenye viatu. Yafute yakiwa mabichi kwa kijiti na kitambaa chenye maji, ondoa kamba, vuta ulimi wa kiatu nje. Jaza magazeti yaliyokunjwa ndani, ubadilishe kabla ya kulala yakiwa yameloa. Usiviweke karibu na jiko la mkaa kamwe, hata kama kesho asubuhi mnaondoka saa kumi na mbili: ngozi hukakamaa ikapasuka kwenye mkunjo wa vidole, na gundi ya soli huyeyuka. Vining'inize kivulini penye upepo, visigino vikiangalia juu. Na kama soli imeachia, nipo kibandani kuanzia saa moja.