Namna ya kuandika 堃, herufi ya Kichina inayogoma kwenye kompyuta

Mwongozo huu nauandika baada ya kumsaidia mwenzangu anayetafsiri hati za Kichina. Jina la mteja wake lina 堃, naye alitaka kuweka 坤 kwa kuwa zote husomeka kūn. Usithubutu. Kama pasipoti ina 堃, hati nayo iwe na 堃.

1. Ijue kwanza. Ni umbo jingine la 坤, ardhi. Juu kuna 方 mbili, mraba, na chini 土, udongo. Wachina wa kale walisema mbingu ni duara, ardhi ni mraba. Mwaka 1955 China Bara iliiweka kando ikabakiza 坤. Orodha ya 2013 yenye herufi 8,105 ikairudisha kwa ajili ya majina. Kamusi ndogo usihangaike nazo. Fungua ile ya herufi mbadala ya Wizara ya Elimu ya Taiwan, iko mtandaoni bure.

2. Iandike. Chapa *kun* kwa pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, ushuke hadi mwisho wa orodha. Ukiikosa, kwenye Sogou, programu ya kuchapa Kichina, chapa *u* ikifuatwa na vipande vyake: *ufangfangtu*. Kwenye Word ya Windows, chapa 5803, namba ya herufi hii kwenye kompyuta, kisha bonyeza Alt na X pamoja. Kuipiga picha ili programu iisome, mimi siafiki: herufi adimu hugeuzwa ya kawaida kimyakimya.

3. Hifadhi, funga, fungua tena. Hapa ndipo saa huteketea. Ukiona kisanduku kitupu, tulia: mara nyingi herufi ipo, ila fonti haina umbo lake. Badilisha fonti. Ukiona alama ya kuulizia, mara nyingi herufi imeshapotea, na fonti yoyote haitairudisha. Faili imepitia usimbaji (mfumo wa kuzipa herufi namba ili kompyuta izihifadhi) usioijua, nawe itabidi uiandike upya. Big5, usimbaji wa zamani wa Taiwan, haikuwa nayo, ndiyo maana jina la 游錫堃 (Yu Shyi-kun), waziri mkuu wa Taiwan kuanzia 2002 hadi 2005, lilichapwa mtandaoni 游錫方方土. Kwa hiyo tumia UTF-8, usimbaji wa kisasa unaoijua, kila mahali. Ukihifadhi jedwali kama maandishi matupu, Excel ina "CSV" na "CSV UTF-8". Ile ya kwanza iache kabisa. Kisha mwombe anayepokea faili aifungue kwake akutumie picha ya skrini, maana kwako itaonekana salama hata kama mfumo wake ni wa zamani.

4. Ukitafuta kumbukumbu za mtu huyo, jaribu 堃, 坤 na 方方土.