Somo: Unataka shirika la ndege Mtwara? Hesabu marubani kabla ya ndege

Tangu Kimbunga Hidaya kikate barabara ya Dar–Lindi pale Somanga, Mei 2024, wazo hili halijatulia. Kila mvua ikinyesha kwa nguvu kuna mtu anauliza kwa nini wafanyabiashara wa kusini tusichange tukapata ndege zetu. Si wazo la kuchekwa. Uwanja wa Mtwara umerefushwa hadi mita 2,800, una taa, na umbali wa hewani hadi Dar ni kama kilomita 400 tu. Tatizo ni kwamba mazungumzo yote huanza na picha ya ndege. "Tuchukue ATR." "Hapana, Bombardier." Nimekaa miaka kwenye chumba cha kupanga rosta, yaani zamu za marubani, na ninachotaka kuwaambia ni kimoja: ndege ya kukodi utaipata, kapteni wa kuirusha ndiye atakayekusumbua. Kwa hiyo hesabu zote zianzie kwake.

Hatua ya 1: Andika ratiba

Chukua karatasi. Usiandike jina la ndege, andika abiria anataka kuwa wapi saa ngapi. Mtu wa Mtwara mwenye kesi, mgonjwa au mzigo bandarini Dar anataka kufika asubuhi na kurudi kulala kwake. Ndege inayolala Dar haiwezi kumpa hilo. Ya kwako ilale Mtwara, hapo ndipo utamshinda aliyekutangulia. Mfano:

Mtwara saa 12:30 asubuhi, Dar 1:40.
Dar 2:10, Mtwara 3:20.
Mtwara 3:50, Songea 5:10.
Songea 5:40, Mtwara saa 7:00 mchana.
Mtwara 7:30, Dar 8:40.
Dar 9:10, Mtwara 10:20 jioni.

Miruko sita, jumla saa 7 na dakika 20 hewani kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni saa 220. Hii namba 220 iandike kwa wino mwekundu, maana kila kitu kitatoka humo.

Hatua ya 2: Aina moja ya ndege, basi

Kwa ratiba hiyo mtu mzima atafikiria ATR 42, yenye viti kama 48. Kuna sababu isiyosemwa sana: katika kanuni za nchi nyingi, kila viti 50 vinadai mhudumu mmoja wa ndani. Kwenye ATR 42 unaweka mmoja, kwenye ATR 72 ya viti 70 unaweka wawili, hata siku ukibeba abiria thelathini.

Ukitaka viwanja vidogo kama Kikwetu kule Lindi au Kilwa Masoko, hapo ni Cessna Caravan, injini moja, abiria kama kumi na wawili. Ni ndege nzuri na ngumu. Lakini ukichanganya Caravan na ATR umeanzisha mashirika mawili ndani ya ofisi moja: marubani mbalimbali, mafundi mbalimbali, vipuri mbalimbali, vitabu mbalimbali. Rubani wa Caravan akiamka mzima na wa ATR akiugua, huwezi kuwabadilisha.

ATR 42 na ATR 72, kwa upande wao, zinarushwa kwa kibali kimoja cha aina ya ndege. Rubani anahitaji mafunzo ya tofauti tu, hasa akitoka toleo la zamani kwenda la 600 lenye skrini za kisasa mbele ya rubani. Kwa hiyo ukianza na 42, abiria wakijaa unakodi 72 bila kufukuza mtu wala kuajiri upya. Mimi kwa sababu hiyo pekee ningeichagua familia ya ATR hata kama mwingine anakupa bei nafuu kidogo.

Msidhani kukosea ukubwa wa ndege ni jambo la wanaoanza tu. Fastjet ilipoanza Dar Novemba 2012 iliingia na Airbus A319 za viti 156. Baadaye, kuanzia 2016, ikawa inazirudisha na kuleta Embraer E190 za viti kama mia moja. Kubadilisha aina maana yake ni kuwarudisha marubani darasani huku kodi ya ndege inaendelea kulipwa.

Hatua ya 3: Geuza saa kuwa watu

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa.

Kanuni za nchi nyingi humwekea rubani kikomo cha saa 100 ndani ya siku 28, na 900 hadi 1,000 kwa mwaka. Mwenye hela anaona 100 anasema, "Saa 220, basi makapteni wawili na kidogo." Hapana. Hicho ni kikomo, si lengo. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ongeza upimaji wa afya, ongeza simyuleta, ile mashine ya ardhini ya kumfundishia na kumpima rubani, ambayo kwa rubani wa ATR maana yake ni kupanda ndege kwenda nje ya nchi na kurudi. Ongeza malaria. Kwa shirika dogo panga saa 65 hadi 70 kwa mwezi, usizidishe.

Saa 220 ukigawa kwa 70 unapata 3 na kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachoua mashirika. Unahitaji makapteni wanne. Na kwa kuwa lazima awepo wa kuwafundisha na kuwakagua wenzake, weka wa tano. Marubani wasaidizi wanne. Ndege moja, marubani tisa.

Sasa pitia ile ratiba tena kwa jicho la zamu. Rubani anaripoti saa 11:30 alfajiri. Akirusha miruko yote sita anamaliza 10:20 jioni, karibu saa 11 kazini, na hapo hakuna aliyechelewa. Kadiri miruko inavyoongezeka ndivyo muda wa zamu unaoruhusiwa unavyopungua. Mvua ikiifunga Songea kwa saa moja na nusu, jioni utakuwa na ndege nzima, abiria 40 Dar, na kapteni ambaye hana ruhusa ya kuirusha. Dawa ni kubadilisha kikosi, yaani kapteni na msaidizi wake, saa 7 mchana Mtwara. Vikosi viwili kwa siku ni zamu 60 kwa mwezi, na rubani mmoja ukitoa mapumziko na likizo utampata zamu kama 18. Gawa: tunarudi palepale kwenye vikosi vinne. Hesabu mbili zikikutana namna hiyo, lala usingizi.

Kuhusu ndege ya akiba: kwa mwaka wa kwanza huwezi kuilipia, tusidanganyane. Lakini uwe na mkataba na mtu. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya A220 kwa sababu ya matatizo ya injini zake za Pratt & Whitney. Shirika lenye ndege nyingi lilitikisika. Lenye moja litafungwa.

Hatua ya 4: Malipo

Kuna njia mbili kuu na mchanganyiko wake. Ya kwanza ni mshahara wa mwezi usiobadilika. Ya pili ni kulipa kwa saa, kuanzia ndege inapoachia vizuizi vya magurudumu hadi inapowekewa tena. Wenye mtaji hupenda ya pili kwa sababu ndege isiporuka hawalipi. Inavutia kwenye karatasi.

Tuchukue tarakimu za mfano, msizichukulie kuwa ndiyo bei ya soko. Rubani msaidizi analipwa 100,000 kwa saa, bila mshahara wa msingi. Mwezi wa saa 70 anapata milioni 7. Ndege ikiingia matengenezo nusu mwezi, anaruka saa 35, anapata milioni 3 na nusu. Kodi ya nyumba Shangani, Mtwara, haijapungua nusu. Mwezi unaofuata ana mafua, masikio yameziba, na anajua akisema anaumwa hapati kitu. Unadhani atasema? Huo ndio ubaya wa malipo ya saa tupu: unamlipa mtu ili anyamaze.

Ninachopendekeza: msingi milioni 4, posho ya 40,000 kwa saa, na uhakika wa saa 55 hata asiporuka. Mwezi wa saa 70 ni milioni 6.8. Mwezi wa saa 35 ni milioni 6.2 badala ya 5.4. Tofauti ni laki nane, nafuu kuliko kumtafuta rubani mpya. Siku za ugonjwa zihesabiwe kana kwamba aliruka.

Halafu weka daftari la ukongwe, liandikwe mapema na lionekane na wote: nani anafuata kukalia kiti cha kushoto, yaani cha kapteni. Rubani msaidizi anahitaji saa 1,500 kabla ya leseni ya juu inayomruhusu kuwa kapteni wa ndege kama hiyo. Atazikusanyia kwako. Akiona njia yake ya ukapteni imeandikwa, atakuvumilia hata kama mashirika ya Ghuba yanampigia simu. Asipoiona ataondoka na saa zako.

Hatua ya 5: TCAA

Ukishakuwa na ratiba, aina ya ndege na orodha ya watu, ndipo unakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Cheti cha uendeshaji kina hatua tano, kuanzia mazungumzo ya awali hadi kurusha ndege mbele ya wakaguzi. Muda wote huo unalipa kodi ya ndege na mishahara bila kuuza tiketi hata moja. Weka fungu lake kando.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusikodi ndege pamoja na marubani wake, tukaepuka haya yote?*

Marahaba dada. Inawezekana, na kwa miezi ya kwanza au msimu wa korosho ni njia nzuri. Lakini unalipa kwa dola huku tiketi zako ni shilingi, na mara nyingi unalipia kiwango cha chini cha saa kwa mwezi, uruke usiruke. Usiifanye kuwa ndiyo mpango wenyewe.

*Mzee wa Lindi, mwalimu mstaafu: Mbona msiwape mshahara mmoja tu kama watumishi wengine? Hizo posho ni za nini?*

Shikamoo mzee wangu. Ukilipa mshahara mtupu, siku ratiba ikivurugika na unahitaji mtu aje siku yake ya mapumziko, huna cha kumpa. Posho ni shukrani iliyoandikwa kwenye mkataba. Ila isizidi nusu ya kipato chake.

*Kijana wa Newala: Nina leseni ya rubani wa biashara, yaani ya kurusha ndege kwa malipo, na saa 210 za kuruka. Kampuni moja inataka inisomeshe ATR, halafu nisaini miaka mitatu, nikiondoka nalipa gharama yote. Nisaini?*

Hongera mdogo wangu. Mkataba wa namna hiyo si dhambi, gharama ya mafunzo ni kubwa kweli. Ila deni lipungue kila mwezi: miezi 36, kila mwezi unaofanya kazi sehemu moja ya 36 inafutwa. "Gharama yote hadi siku ya mwisho" usisaini. Na uandikwe mstari kwamba wakikupunguza wao, deni linakufa.

*Mwanachama wa Mikindani: Kwa hesabu zako ndege inakaa chini dakika 30 kila kituo. Tukipunguza iwe 15 si tunapata mruko wa saba bila ndege ya pili?*

Kaka, hilo swali lina historia. Southwest ya Marekani ilikuwa na Boeing 737 nne mwaka 1972, ikaishiwa hela, ikauza moja. Ratiba hawakuipunguza, wakajifunza kugeuza ndege kwa dakika 10. Kwa hiyo inawezekana. Lakini mruko wa saba unakusukumia saa za mwezi juu ya 220, na makapteni wako bado ni wanne na mkufunzi. Tumia dakika utakazookoa kuikinga ratiba isichelewe, mruko uongeze siku kapteni wa sita akishasaini.