Gari la mazutu (dizeli) linakufa kila mara hapa Lubumbashi? Acha kwanza kununua piyesi (spea)

Wabongo, Wakenya na ndugu zetu Waganda mlioko Lubumbashi, hii ni kwa mwenye Prado, Hilux au gari lolote la dizeli la mtumba ambalo likitoka garaji Jumatatu, Alhamisi limezima tena njia ya Kasumbalesa. Wengi wetu hapo tunabadilisha fundi, na kila fundi mpya anabadilisha kifaa kingine, dola zinaisha na tatizo liko palepale. Dizeli ikisumbua kila wakati, mara nyingi ugonjwa ni mmoja tu unaotoka kwa sura tofauti, na kwa huku mimi mshukiwa wangu wa kwanza ni mafuta machafu.

Kituoni sema mazutu, usiseme mafuta tu, unaweza kuwekewa esansi ambayo ni petroli. Na achaneni na Kadhafi, wale wauza mafuta ya madumu barabarani, jamani, hayo madumu hujui yalibeba nini jana, maji yanaingia, vumbi linaingia, na yakichanganywa mafuta ya taa pampu inakosa ulaini na inasagika. Injini za D-4D, yaani dizeli za kisasa za Toyota, na aina zake zinasukuma mafuta kwa presha inayopita bar 1,000, kwa hiyo maji kidogo tu au chembe ya mchanga inaua injekta, kile kifaa kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini.

Jipimie mwenyewe. Asubuhi kabla hujawasha weka chupa safi inayoonyesha ndani chini ya filta ya mazutu, legeza kikoki cha chini, toa kidogo, halafu uiache chupa itulie. Kama kuna maji yatakaa chini na mazutu juu, mstari unauona kabisa kwa macho. Ukiyaona, tanki lishushwe lioshwe na filta ibadilishwe ndipo muanze kuongelea injekta, maana injekta mpya kwenye tanki chafu ni hela ya kutupa.

Gari likiwa gumu kuwaka asubuhi, piga ile pampu ya mkono iliyo karibu na filta mpaka iwe ngumu. Likiwaka hapohapo ujue kuna hewa inaingia kwenye mipira ya mafuta, na hiyo ni kazi ya bei ndogo sana. Ila mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya hapa inashuka chini ya nyuzi 10, basi hita plagi, zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka, nazo zipimwe.

Fundi akisema injekta zimekufa, mwambie kwa heshima, papa naomba tupime ritani kwanza, yaani mafuta yanayorudi kutoka kwenye injekta. Kila injekta inawekewa mpira wake na chupa yake, injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, baada ya dakika chache mnalinganisha, chupa iliyojaa haraka kuliko wenzake ndiyo injekta iliyochoka, hakuna haja ya kununua zote nne kwa kubahatisha. Na kwenye injini nyingi za kisasa ile namba iliyoandikwa juu ya injekta mpya lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari, usipofanya hivyo itagonga na kutoa moshi utadhani umeuziwa feki.

Moshi mweusi angalia filta ya hewa kwanza, vumbi jekundu la kiangazi linaiziba haraka sana. Wa bluu ni oili inaungua, turbo au ringi. Mweupe usioisha huku maji ya rejeta yanapungua, simamisha gari, usijikaze kufika nyumbani. Wenye 1KZ, ile injini ya dizeli ya zamani ya Toyota, hili mlishike zaidi maana silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikichemka. Mji huu uko juu kama mita 1,200, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta, kinachobana presha ili maji yasichemke mapema, kikilegea si jambo dogo hata kidogo, badilisha, na weka kulanti badala ya maji ya bomba.

Waliochukua magari ya Ulaya yenye filta ya masizi kwenye ekzosi, kuzungukazunguka mjini kunaiziba, inahitaji mwendo mrefu wa kasi kama njia ya Likasi ili ipate joto ijichome yenyewe.

Kaa na fundi mmoja anayekubali kupima. Andika kwenye daftari tarehe, kilomita na kilichobadilishwa, na kila kifaa cha zamani dai upewe mkononi. Dola za kumlipia ziwe safi, noti iliyochanika kidogo tu watu wanaikataa. Ukiagiza piyesi kutoka Kariakoo usitaje jina la gari tu, tuma namba ya chasisi na picha ya kifaa pande zote, na risiti itangulie kwenye simu yako mapema maana mzigo unapita mipakani, Tunduma, Nakonde, hadi Kasumbalesa.