SOMO: Bomba la kupulizia dawa la kuvutwa na trekta, mapipa mawili na mbawa za mita 6

Chombo hiki, chenye mbawa (mikono mirefu ya pembeni inayobeba nozeli, yaani vichwa vya kutolea dawa), kinamfaa mkulima wa ufuta, mahindi au mbaazi wa Nachingwea, Ruangwa, Liwale au Masasi mwenye trekta, au anayekodi, ambaye eka kumi kwa bomba la mgongoni zinammaliza. Kanuni ni moja: bana pesa kwenye chuma, usibane kwenye nozeli na geji (saa ya kusoma presha). Fremu ya chuma chakavu haiunguzi shamba. Nozeli mbovu inaunguza.

Tela

Tafuta ekseli kuukuu yenye habu na beringi nzima, tairi za inchi 14. Mapipa mawili ya lita 200 yakijaa ni kilo 400 za maji peke yake, kwa hiyo beringi zinazolia zibadilishwe kabla ya kuchomelea chochote. Katikati ya mapipa pawe sentimita 15 hadi 20 mbele ya ekseli, ili mkono wa tela ukandamize pini ya kuungia kwenye trekta. Ukiyarudisha nyuma, tela litanyanyua mkono kila unapopanda tuta. Mkono uwe na mita 2, la sivyo tairi la trekta litaugusa kwenye kona. Umbali kati ya tairi za tela ulingane na wa tairi za trekta, mazao yakanyagwe mara moja tu.

Mapipa ni yale ya plastiki ya bluu. La chuma hapana: kutu itaziba nozeli, na glyphosate (dawa ya kuua magugu) ikikaa kwenye chuma kitupu au mabati hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inalipuka.

Njia ya maji

Unganisha mapipa chini kwa paipu ya inchi moja na nusu. Kutoka hapo mpangilio ni huu: koki, chujio, pampu, valvu ya presha, geji, mbawa. Koki itangulie chujio, uweze kuosha chujio mapipa yakiwa yamejaa.

Pampu iwe ya pistoni tatu, ya lita 40 kwa dakika, ikizungushwa kwa mkanda na injini ya petroli ya HP 6.5. Nozeli zote 12 zitachukua lita 14.4; zinazobaki, kama lita 25, zirudi mapipani kwa nguvu zikoroge dawa. Gawa mrejesho huo pipa kwa pipa. Ukiurudisha upande mmoja tu, pipa hilo litafurika na jingine dawa itatuama chini.

Mpira wa kuvuta maji uwe wa inchi moja, wenye waya ndani. Mpira laini unajinyonya na kubana, pampu inabaki na njaa.

Geji inayokuja na pampu hizi mara nyingi inasoma hadi bar 60, na bar 3 huwezi kuiona hapo. Nunua geji ya bar 0 hadi 10, ifunge upande wa mbawa, nyuma ya koki yake.

Mbawa

Vipande vitatu vya mita 2, vya kando vikunjwe kwa bawaba na springi, maana visiki vipo. Kila kipande kinabeba nozeli 4, kutoka moja hadi nyingine sentimita 50; za mwisho zikae sentimita 25 kutoka ncha. Tumia nozeli namba 110-03, zile za bluu: bar 3 zinatoa lita 1.2 kwa dakika. Zigeuze kidogo, kama nyuzi 10, feni za maji zisigongane. Kimo ni sentimita 50 juu ya unachopulizia. Zikishuka, shamba litaota mistari ya magugu katikati ya nozeli.

Kupima, kwa maji matupu

Pima mita 100 shambani, si barabarani. Trekta likizimaliza kwa sekunde 60, ni kilomita 6 kwa saa. Weka alama ya gia na resi hiyo. Kisha kinga kila nozeli kwa dakika moja kwenye jagi lenye vipimo. Inayopishana na lita 1.2 kwa zaidi ya asilimia 10 ioshwe kwa mswaki, ikikataa, itupwe. Usiichokoe kwa waya, na kamwe usiipulize kwa mdomo.

Hesabu ni lita kwa dakika za nozeli moja × 600 (namba ya kubadili vipimo) ÷ (kilomita kwa saa × mita kati ya nozeli): 1.2 × 600 ÷ (6 × 0.5) = lita 240 kwa hekta, yaani karibu lita 97 kwa eka. Mapipa mawili, eka nne.

Pulizia alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nilipiga 2,4-D, dawa ya magugu, kwenye mahindi. Wiki iliyofuata nikapiga dawa ya wadudu kwenye ufuta, majani yakajikunja. Dawa ni feki?*

Pole sana, ndugu. Dalili hizo ni za mabaki ya 2,4-D kwenye mipira na machujio. Ufuta, choroko na mbaazi haziyavumilii hata kidogo. Mwaga yote, suuza, kisha weka amonia ya kusafishia lita 1 kwa kila lita 100 za maji, zungusha dakika 15, acha ilale. Asubuhi suuza mara mbili, nozeli na machujio yakiwa yamefunguliwa. Usichanganye amonia na jiki, gesi yake ni sumu. Maji ya kuoshea yarudi kwenye mahindi yale yale, yasikaribie kisima.

*Mshale wa geji unacheza, presha inashuka.*

Angalia upande wa kuvuta: klempu iliyolegea inaingiza hewa bila kuvuja tone. Ikiwa zimekaza, fungua chujio.

*Lebo inasema lita 3 kwa hekta. Niweke ngapi?*

Hekta ni eka 2.47. Kwa eka moja ni lita 1.2, kwa mapipa mawili karibu lita 5. Na kama ni glyphosate, epuka maji ya dimbwi yenye tope. Udongo unaishika dawa na magugu yanabaki kijani.

*Sisi wa Tandahimba tuna mikorosho. Tunaweza kuvukiza salfa?*

Salfa ya unga hapana, hiyo inahitaji mashine ya kupuliza hewa. Dawa za maji za ubwiriunga na za mbu wa mikorosho zinawezekana: funga koki ya mbawa na ya geji ndogo, unga mpira wa mita 50 wenye bunduki ya kupulizia, pandisha presha bar 20 hadi 25. Anayeshika bunduki avae miwani, barakoa, glavu na buti, na asimame upande unakotoka upepo, maana kwa mkorosho dawa inamrudia mtu kutoka juu.