Kabla mzee mwenye demensia hajatia sahihi wosia

Demensia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, pekee haimnyimi mtu haki ya kuandika wosia. Mahakama za Kenya hufuata kipimo cha kesi ya Uingereza ya 1870, Banks v Goodfellow: ajue wosia ni nini, mali yake ni ipi, nani wana haki ya kufikiriwa, na uamuzi usitokane na dhana potofu za ugonjwa. Mpime siku ileile ya kutia sahihi, saa ambazo hutulia, watoto wakiwa nje. Ukiuliza "Shamba ni la Juma, sivyo?" atakuitikia tu. Uliza "Una mali gani?", halafu "Mbona Asha hujamtaja?" Andika majibu neno kwa neno. Alama za jaribio la kumbukumbu hazitoshi. Anayesahau tarehe huenda anawajua wanawe wote. Daktari aliyempima akiwa mmoja wa mashahidi wawili, bora zaidi.